Rolex, mandazi na karanga: nini hasa kinachopandisha kolesteroli?

Vipimo vya afya vimetoka hospitalini na kuwafuata watu waliko. Jumapili utaona hema mbele ya kanisa, Ijumaa nje ya msikiti, na katikati ya wiki pembeni ya soko au paki ya teksi, iwe Kampala, Mbale au Arua. Mtu anafungwa mkanda wa presha, anachomwa kidole, na siku hizi mara nyingine anapimwa kolesteroli pia. Anaondoka na karatasi yenye herufi LDL na HDL, namba zenye nukta, na ushauri wa maneno mawili: punguza mafuta.

Jioni anafungua simu. Kundi moja la WhatsApp linamwambia mayai ni sumu ya moyo. Jingine linadai parachichi lina kolesteroli kuliko nyama. Shangazi anasambaza sauti ya mtu asiyejulikana anayesema maji ya moto yenye ndimu huyeyusha mafuta ya kwenye mishipa. Kesho yake huyu ndugu yetu anapita kwa muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na yai) wake wa kila siku na kumwambia, "Leo usiweke yai." Anapewa chapati mbili na nyanya, anaondoka akiamini amejinusuru.

Bahati mbaya amekiacha chenye kosa dogo na kubaki na chenye kosa kubwa. Watu wengi wanahangaika hivi kwa nia njema kabisa, na inauma kuona mtu anajinyima chakula kizuri bila faida. Kwa hiyo tuifungue mada hii taratibu, na tuifungulie kwenye vitafunio, vile vya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Chakula cha mchana mtu hukaa akakiangalia. Kitafunio hupita mkononi bila kuhesabiwa.

Kolesteroli yenyewe

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni kitu cha jamii ya mafuta ambacho mwili unakitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini. Hata mtu asiyegusa nyama wala yai anayo, na asingeweza kuishi bila kuwa nayo. Kuta za seli zinajengwa nayo, homoni za uzazi zinatokana nayo, vitamini D inayotengenezwa ngozini kwa msaada wa jua inaanzia kwake, na ini huitumia kutengeneza nyongo. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo kwenye damu yako haikutoka kwenye sahani, ilitengenezwa ndani ya mwili.

Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji, mwili hauwezi kuiachia kolesteroli ielee hovyo. Unaifungasha ndani ya vibebeo vidogo. LDL ni vibebeo vinavyoipeleka kolesteroli mwilini kutoka kwenye ini. HDL ni vile vinavyoikusanya kutoka kwenye tishu na kuta za mishipa na kuirudisha. Karatasi ya vipimo huwa na jina la tatu pia, trigliseridi. Hayo ni mafuta ya akiba ya nguvu, ambayo hupanda hasa mtu anapozidisha sukari, wanga mweupe na pombe.

Yeyote aliyepita Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, anajua foleni ya malori inavyokuwa. Chukulia LDL ndiyo malori, kolesteroli ndiyo mzigo, na ini ndilo mpaka wenye mageti ya kupokea mzigo unaorudi. Mageti mengi yakiwa wazi, malori yanaingia, yanashusha, na barabara inapumua. Mageti yakifungwa, hata kama hakuna lori jipya lililoongezeka, foleni inarudi nyuma hadi Tororo. Kolesteroli ya damu inavyopanda ni hivyo hivyo. Mara nyingi tatizo haliko kwenye mzigo ulioongezwa kwa kula, liko kwenye ini lililopunguza mageti yake ya kuiondoa LDL kwenye damu.

LDL ikikaa barabarani muda mrefu na kwa wingi, baadhi yake hupenya kwenye ukuta wa mshipa, hunasa humo na kuharibika. Mwili unaichukulia kama adui, unatuma askari wake, uvimbe unaanza. Mwaka baada ya mwaka ukuta unanenepa kwa ndani. Siku moja uvimbe huo unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Ikiwa ni mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi. Muda wote huo mwenyewe hasikii chochote. Kolesteroli ya juu haina kichwa kuuma, haina kizunguzungu, haina uchovu wake maalumu. Anayesema "nasikia kolesteroli yangu imepanda" anasikia kitu kingine.

Basi swali lote la vitafunio linakuwa hili: nini kinayafunga mageti ya ini, na nini kinayafungua?

Mafuta si kitu kimoja

Kuna mafuta yanayoganda (kwenye lebo za Kiingereza, saturated), yale ambayo yakipoa yanakuwa mazito au magumu: samli, siagi, mafuta ya nyama, mafuta ya nazi, na kwa kiasi kikubwa mafuta ya mawese. Haya ndiyo yanayofunga mageti. Kadiri unavyoyala zaidi, ndivyo ini linavyopokea LDL kidogo kutoka kwenye damu.

Kuna mafuta yasiyoganda, yanayobaki maji maji hata penye baridi: ya alizeti, ya simsim (ufuta), ya karanga, ya soya, na yale yaliyomo ndani ya parachichi na samaki. Haya yakichukua nafasi ya yale ya kwanza, mageti yanafunguka tena. Nasisitiza "yakichukua nafasi". Kumimina kijiko cha mafuta ya alizeti juu ya chakula ambacho tayari kinaogelea kwenye samli hakusaidii kitu.

Kundi la tatu ni mafuta ya trans. Mengi yake hutengenezwa kiwandani kwa kuyapitishia mafuta ya mimea gesi ya haidrojeni ili yagande na yadumu dukani. Haya ni mabaya kuliko yote, kwa sababu yanapandisha LDL na wakati huo huo yanashusha HDL. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kufikia mwisho wa 2023. Ukiona kwenye pakiti ya biskuti, keki au majarini kwamba kuna mafuta yaliyohaidrojenishwa kwa sehemu (partially hydrogenated), rudisha pakiti hiyo kwenye rafu.

Kolesteroli iliyomo ndani ya chakula chenyewe, kama kwenye kiini cha yai, nguvu yake ni ndogo kuliko tulivyofundishwa. Utumbo haunyonyi yote, na ini likiona imeingia nyingi kutoka nje hupunguza kutengeneza yake. Ndiyo maana mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 uliacha kutaja kile kikomo cha zamani cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku. Wapo watu ambao miili yao hupanda zaidi wakila mayai, na mwenye kisukari au aliyekwisha kuugua moyo aulize daktari wake kuhusu idadi. Kwa mtu mzima asiye na maradhi hayo, yai moja kwa siku si jambo la kuogopa.

Kaango la muuza chapati

Sasa turudi barabarani. WHO inashauri mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Shika namba hiyo, 22.

Yai moja zima lina gramu moja na nusu hivi ya mafuta yanayoganda. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya mawese, yale ya maji maji yanayouzwa kama mafuta ya kupikia, kina gramu 6 hivi. Chapati hukandwa kwa mafuta, kisha hukaangwa kwa mafuta, na kwa wauzaji wengi kijiko kizima kwa chapati moja si jambo la ajabu. Chapati mbili zimekwisha kula zaidi ya nusu ya gramu zako 22 kabla ya saa tano asubuhi. Yule ndugu aliyeondoa yai aliokoa gramu moja na nusu akabaki na 12. Angefanya kinyume, chapati moja, yai lake, kabichi na nyanya kwa wingi, na kumwomba muuzaji apunguze mafuta kwenye kaango, angeula ule ule uhondo na kulipunguzia ini lake mzigo.

Kama kijiko hicho kingekuwa cha mafuta ya alizeti, gramu zingekuwa moja na nusu badala ya 6. Chapati ile ile, mkono ule ule, tofauti ni dumu. Na hapa simlaumu muuzaji. Mafuta ya mawese ni nafuu, yanavumilia moto mkali, na yanapatikana kila duka. Hata michikichi yenyewe sasa inalimwa kwenye visiwa vya Kalangala. Mama anayeamka saa kumi usiku kukanda unga ili watoto waende shule hawezi kubebeshwa peke yake mzigo wa afya ya mioyo ya mji mzima. Ila mteja ana haki ya kujua, na mwenye kaango nyumbani kwake ana haki ya kuchagua.

Utayajuaje? Soma lebo. Ikiandika tu "mafuta ya mimea" bila kutaja mmea, kwa kawaida hayo ni ya mawese. Watu wa Kabale wana kipimo chao cha bure: asubuhi za baridi mafuta ya mawese huwa na ukungu, au tabaka jeupe hutuama chini ya dumu. Ya alizeti, yale yanayokamuliwa kwa wingi kule Lira, yanabaki angavu.

Lebo hiyo hiyo huwa na maandishi makubwa: hayana kolesteroli. Ni kweli, na hayakusaidii. Kolesteroli hupatikana kwenye vyakula vya wanyama tu. Hakuna mafuta ya mmea yoyote duniani yaliyo nayo, yawe ya alizeti au ya mawese au ya nazi. Kuyasifia mafuta ya mimea kwa kukosa kolesteroli hakukuambii chochote kuhusu yatakavyoyafanyia mageti ya ini. Namba ya kutafuta nyuma ya chupa ni ile ya mafuta yanayoganda kwa kila gramu 100: kwenye alizeti ni kama 11, kwenye mawese inakaribia nusu.

Mandazi, kabalagala za ndizi, sambusa na chipsi zinaingia kwenye hesabu hii hii, na zina tatizo la ziada, kaango lisilobadilishwa mafuta. Mafuta yanayorudiwa siku nzima, kisha yakaongezwa kidogo juu yake kesho yake, yanavunjika na kutengeneza kemikali zinazoiudhi mishipa, pamoja na mafuta ya trans kidogo. Yanajitambulisha yenyewe: yamekuwa meusi, yanatoa povu na moshi, yana harufu kali. Ukiona hivyo, nunua ndizi mbivu uendelee na safari.

Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe, kinastahili neno la huruma. Wengi hukidharau kama chakula cha asiye na fedha, lakini maharagwe yaliyomo humo ni miongoni mwa vitu bora kwa kolesteroli ambavyo barabara inaweza kukupa. Mwambie muuzaji aongeze maharagwe na apunguze vipande vya chapati.

Kampala ya 1959

Kuna jambo la historia yetu ambalo linapaswa kujulikana zaidi. Mwaka 1959 watafiti wawili waliofanya kazi Kampala, A. G. Shaper na K. W. Jones, walichapisha utafiti katika jarida la kitabibu la The Lancet. Waliripoti kwamba miongoni mwa Waafrika wa Uganda ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haukuwepo, ilhali kwa jamii ya Waasia walioishi nchi hii hii ulikuwa tatizo kubwa. Kolesteroli ya Waafrika ilikuwa chini kwa wazi. Nchi ile ile, hali ya hewa ile ile, lakini sahani tofauti: upande mmoja ndizi, viazi vitamu, muhogo, mahindi, maharagwe, karanga na mboga za majani, upande wa pili mafuta zaidi, yakiwemo samli.

Tuwe waangalifu hapa. Watu wa wakati ule walitembea na kulima kuliko sisi, na utafiti wa kulinganisha jamii mbili hauthibitishi kila kitu. Lakini unaelekeza kidole kwenye sahani, na kutia shaka ile imani kwamba kolesteroli ni jambo la damu ya watu fulani, kwamba Mwafrika ana kinga ya kuzaliwa. Kilichowakinga wazee wetu huenda kwa sehemu kubwa kilikuwa kwenye chungu. Matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba huivishwa kwa mvuke, na mvuke hauhitaji tone la mafuta. Wajukuu wao tumehamia kwenye kaango, na tumehama upesi.

Hospitali ya Mulago ndiko alikofanya kazi kwa miaka mingi pia daktari mpasuaji Denis Burkitt, ambaye baadaye alizunguka dunia akiwahimiza watu kula nyuzinyuzi, akitumia aliyoyaona Afrika kuhusu chakula na haja kubwa. Sayansi ya baadaye ilimrekebisha hapa na pale, lakini kuhusu nyuzinyuzi na kolesteroli tunajua vizuri kinachotokea.

Kinachotokea ni hiki. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo, nyongo inamwagwa utumbo mwembamba kusaidia kusaga mafuta, halafu karibu yote inanyonywa tena na kurudi kwenye ini kutumika upya. Aina fulani ya nyuzinyuzi, ile inayoyeyuka na kuwa ute, huinasa nyongo hiyo ndani ya utumbo na kuondoka nayo chooni. Ini linabaki na upungufu, linalazimika kutengeneza nyongo mpya, na kwa hilo linahitaji kolesteroli. Linafanya nini? Linafungua mageti zaidi na kuyaita malori yaliyoko barabarani. Ute huo uko kwenye maharagwe, kunde, shayiri, mapera, machungwa, parachichi na viazi vitamu. Gramu 3 kwa siku za nyuzinyuzi inayoyeyuka ya shayiri zinashusha LDL kwa karibu asilimia 5. Ni kidogo? Ndiyo, ila zinaongezeka juu ya mengine yote unayofanya.

Karanga hazina hatia

Hakuna kitafunio kinachoonewa kuliko karanga. "Zina mafuta," watu husema, na ni kweli, karibu nusu ya uzito wake. Lakini mafuta hayo kwa wingi ni yale yasiyoganda. Konzi moja ya gramu 30 ina gramu 14 hivi za mafuta, na yanayoganda ndani yake ni kama gramu 2 tu. Juu yake unapata protini gramu 7 na nyuzinyuzi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya majaribio 25 ya njugu za aina mbalimbali pamoja na karanga, uliona kwamba kula wastani wa gramu 67 kwa siku kulishusha LDL kwa asilimia 7 hivi.

Simsim ya kaskazini iko kwenye daraja hilo hilo, iwe ya kukaanga kavu au ile ya kusaga na karanga inayoliwa Acholi na Lango. Vile vidonge vya simsim vilivyoshikizwa kwa sukari ni vizuri kidogo kidogo. Sukari ndiyo inayovitia doa.

Masharti ya karanga ni mawili. La kwanza, konzi moja au mbili, si mfuko mzima, maana kalori zake ni nyingi na unene nao huharibu hesabu. La pili ni kubwa zaidi kwetu: ukungu. Karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu unaotengeneza sumu ya aflatoksini, nayo hudhuru ini na huchangia saratani ya ini. Punje iliyokunjamana, yenye rangi isiyoeleweka au ladha chungu, itupe. Kuikaanga hakuondoi sumu yote, na unga wa karanga uliosagwa tayari hauonyeshi kilichokuwemo. Ni heri ununue punje nzima, uchague mwenyewe, ndipo usage.

Parachichi nalo lisafishwe jina. Halina kolesteroli hata chembe, kwa sababu ni tunda. Nusu ya parachichi la wastani ina mafuta yasiyoganda kwa wingi na nyuzinyuzi gramu 6 hivi. Uganda imebarikiwa tunda hili hadi linaoza chini ya miti, huku watu wakiliogopa kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Ndizi ya gonja iliyochomwa, hindi la kuchoma, muhogo wa kuchemsha, kipande cha nanasi au fenesi, bisi za mafuta kidogo: hivi vyote havifungi geti lolote. Senene wa Novemba wana mafuta mengi ya kwao wenyewe, ndiyo maana hukaangwa bila kuongezewa, na sehemu kubwa ya mafuta hayo haigandi. Furahia msimu, angalia chumvi tu.

Safarini

Basi likisimama Namawojjolo kwenye barabara ya Jinja, au Lukaya ukielekea Masaka, madirisha yanajaa mikono: vijiti vya muchomo, mapaja ya kuku, gonja, soda. Hapa uchaguzi unafanyika kwa sekunde chache. Nyama ya mbuzi isiyo na mafuta si mbaya; kinachoganda ni yale mafuta meupe pembeni na ngozi ya kuku. Yavue. Soseji ziache kabisa, zina mafuta yanayoganda na chumvi nyingi. Gonja moja na kijiti kimoja cha nyama kinakufikisha.

Soda ndipo wengi wanapojidanganya. Haina mafuta, haina kolesteroli, kwa hiyo wanaihesabu kama maji. Lakini ini likipewa sukari nyingi kwa mkupuo huigeuza kuwa trigliseridi na kuimwaga kwenye damu, na mtu mwenye trigliseridi za juu mara nyingi HDL yake huwa chini. Bia na waragi hufanya kazi ile ile. Kama karatasi yako inaonyesha LDL ya kawaida lakini trigliseridi zimepita 1.7, usianze kwa kuogopa nyama. Anza na chupa.

Na kahawa, kwa kuwa tunailima na kuinywa. Kahawa iliyochemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi, ile ya tangawizi inayouzwa kwenye birika mitaani, ina kemikali inayopandisha LDL. Robusta ina kiasi kidogo kuliko arabika. Kikombe kimoja au viwili havina neno. Anayekunywa vitano kila siku na LDL yake haishuki, achuje, au ahamie kwenye kahawa ya unga wa kuyeyuka.

Kuhusu maji ya ndimu: ukiyapenda, kunywa. Hayafiki kwenye ukuta wa mshipa, na hata yangefika, uvimbe ule hauyeyushwi kama mafuta kwenye sufuria. Na kuhusu wembamba: mtu mwembamba anaweza kuwa na LDL ya juu sana. Mwili mwembamba hauonyeshi mageti ya ini yako mangapi.

Namba na matarajio

Karatasi nyingi hutumia kipimo cha milimoli kwa lita. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, jumla ya kolesteroli inatakiwa iwe chini ya 5, LDL chini ya 3, trigliseridi chini ya 1.7, na HDL juu ya 1 kwa mwanamume na 1.2 kwa mwanamke. Ukiona namba kubwa kama 190, usishtuke kabla ya kuangalia kipimo. Huenda ni miligramu kwa desilita, na kwa kolesteroli unagawanya kwa 39 kupata milimoli. Mwenye kisukari au aliyepata mshtuko wa moyo anatakiwa LDL yake iwe chini zaidi ya hapo. HDL ya juu isikupe kiburi: dawa zilizojaribiwa kuipandisha hazikupunguza mishtuko ya moyo kama ilivyotarajiwa. LDL ndiyo ya kufuatilia.

Vitafunio vinaweza kuishusha kiasi gani? Ukibadilisha asilimia 5 ya nguvu yako ya siku kutoka mafuta yanayoganda kwenda yale ya alizeti, simsim au karanga, tarajia LDL ishuke kwa robo ya milimoli hivi. Kwa kulinganisha, kila milimoli moja nzima inayoshushwa kwa dawa hupunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa kama asilimia 22. Kwa hiyo kubadilisha kaango ni kazi ya maana, na faida yake inakua kadiri miaka inavyopita, hasa kwa watoto wanaoanza kuzoea ladha sasa. Ipe damu yako miezi miwili au mitatu kabla ya kupima tena.

Lakini kuna watu ambao karanga na shayiri hazitawatosha. Kiasi cha mtu mmoja katika kila 250 hadi 300 duniani huzaliwa na mageti pungufu au mabovu. LDL yao inapita 5 tangu ujana, hata wakila vizuri vipi, na wengi hawajui. Hawa wanahitaji dawa, kwa kawaida zile za kundi la statini, ambazo zinafanya kazi kwa kulilazimisha ini lifungue mageti zaidi. Kumwambia mtu wa namna hii ajitahidi tu kula mboga ni kumchelewesha. Ikiwa baba au kaka yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yako kabla ya 65, usisubiri hema lije mtaani kwenu. Nenda kituo cha afya chenye maabara au hospitali ya rufaa iliyo karibu, mweleze daktari habari hiyo ya familia kabla ya kitu kingine, na omba upimwe LDL yenyewe, si jumla peke yake. Akiona inafaa, atakuandikia rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Na watoto wako nao wapimwe.